Kabla hujaanza kunukuu sauti iliyorekodiwa

Muulize kwanza aliyekupa kazi maandishi yanakwenda wapi. Mhariri wa gazeti anataka sentensi safi. Mtafiti wa lugha anataka kila "eee", kila kigugumizi na kila kimya. Kwa mtafiti huyo, msemaji akitamka "ntakuja", usimwandikie "nitakuja". Ukiwa na shaka andika vyote, maana kupunguza baadaye ni rahisi, kurudisha ni kusikiliza upya. Tenga saa 4 hivi kwa saa 1 ya sauti safi, zaidi watu wakiongea kwa pamoja. Punguza kasi ya kucheza sauti hadi asilimia 75. Usichokisikia andika [haisikiki 00:12:40], yaani saa, dakika na sekunde ya rekodi, usikisie kamwe, hasa tarakimu: kwenye rekodi ya simu "thelathini" na "themanini" hupishana kwa silabi mbili tu za katikati.