Kushusha tawi la mwembe juu ya bati

Miembe mingi ya Tabora ni ya zamani na sasa imezungukwa na nyumba, kwa hiyo tawi likikauka huwezi kuliachia tu lidondoke. Lishushe kwa kamba. Ifunge kwenye tawi, ipitishe kwenye panda mbichi na nene iliyo juu zaidi, kisha iteremshe chini na uizungushe mara mbili tatu kwenye shina. Hiyo mizunguko ndiyo inayobeba uzito. Mtu mmoja anayeachia taratibu anatosha, mradi asimame pembeni na asijifunge kamba mkononi. Vijana watatu wanaoning'inia kwenye kamba isiyozungushwa watarushwa tu, hata wawe wabeba magunia.

Kwenye kukata, anza chini ya tawi, kama robo ya unene wake, ndipo ukate kutoka juu, mbele kidogo kuelekea nchani. Ukianza juu moja kwa moja litavunjika nusu na kuchana gome hadi shinani.

Kamba ya katani iliyokaa stoo muda mrefu, legeza msokoto uangalie ndani. Ikitoa unga, hiyo ni ya kufungia mbuzi.