Kupima Kani ya Kusukuma Guta kwa Futikamba na Saa ya Simu

Anayesukuma guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, lenye saruji kutoka Mbuyuni hadi Pasua hahitaji kuambiwa kwamba mzigo ni mzito, ila huenda hajui jasho lake linaishia wapi. Sheria tatu za mwendo, ambazo Isaac Newton alizichapisha mwaka 1687, zinatosha kumjibu.

Tafuta kwanza kipande cha barabara kilicho sawa, kazi isiyo nyepesi hapa Moshi, kwa kuwa ardhi yetu imeinama kutoka mlimani kwenda kusini. Mwaga maji kidogo. Yakituama bila kukimbilia upande mmoja, mahali hapo panafaa. Pima mita 8 na uchore mstari wa chaki mwanzoni na mwishoni. Kisha jumlisha tungamo, yaani kilo za vyote vitakavyosukumwa: mifuko mitatu ya saruji ni kilo 150, dereva atakayeshika usukani tuseme kilo 70, na guta lenyewe, ambalo waweza kulipima kwenye mizani ya wanunuzi wa mahindi, kilo 80. Jumla ni kilo 300.

Sukuma kutoka kwenye utulivu kwa mkazo uleule, bila kushtua, huku mwenzako akihesabu muda. Tuseme umetumia sekunde 8. Mchapuko, yaani kiasi ambacho kasi huongezeka kila sekunde, hupatikana kwa kuzidisha umbali mara mbili na kugawanya kwa kipeo cha pili cha muda: 16 kwa 64, yaani mita 0.25 kwa sekunde kila sekunde. Sheria ya pili inasema kani halisi, yaani msukumo unaobaki baada ya kutoa msuguano, ni tungamo mara mchapuko, hivyo 300 mara 0.25 ni nyutoni 75, nyutoni ikiwa ni kipimo cha kani. Kwenye mstari wa pili guta lina kasi ya 0.25 mara 8, yaani mita 2 kwa sekunde.

Hapo liachie, na dereva asikanyage pedali wala breki. Likisimama baada ya mita 10, wengi watasema limeishiwa nguvu, na hapo ndipo wanapokosea, maana kwa sheria ya kwanza lingeendelea na kasi ileile kwa mstari ulionyooka kama lisingezuiwa. Kilicholizuia ni hasa msuguano wa ekseli na tairi. Gawanya kipeo cha pili cha kasi, yaani 4, kwa umbali mara mbili, yaani 20: mchapuko wa kupungua ni 0.2, na msuguano ni 300 mara 0.2, yaani nyutoni 60. Kwa hiyo mikono yako ilitoa 75 jumlisha 60, yaani nyutoni 135, na karibu nusu ililiwa njiani. Jaza tairi upepo, urudie, ukihakikisha guta linafika mstari wa pili kwa sekunde 8 zilezile ili kasi iwe ileile. Likisafiri mita 15 kabla ya kusimama, msuguano umeshuka hadi nyutoni 40, faida ambayo pampu ya baiskeli inatosha kuileta.

Ukiteleza kwenye vumbi, sheria ya tatu imekukumbusha kwamba guta nalo hukusukuma nyuma kwa kani ileile unayolisukumia, na ni mguu wako unaoikanyaga ardhi kwa nyuma unaokuwezesha kusonga. Kandambili zilizolika hazifai kwa jaribio hili.

Usijaribu kwenye mteremko. Barabara ikishuka mita 1 tu katika kila mita 20, uzito wa kilo 300 hulivuta guta kwa nyutoni 147, zaidi ya mara mbili ya msuguano tuliopima, nalo litaondoka lenyewe. Weka jiwe mbele ya gurudumu kabla dereva hajashuka.