Namna ya Kugeuza Mitambo ya Bustani za Burudani kuwa Mapigo Maalumu katika Mchezo wa Video

Mwongozo huu unamfaa mtu ambaye tayari ana mchezo unaofanya kazi: mhusika anatembea, adui anapokea kipigo, na kipimo cha nguvu kinajaa. Nimeuandika baada ya kumsaidia mwenzangu ambaye shujaa wake, kipimo kikijaa, huita rolakosta nzima ikapita katikati ya maadui. Michoro yake ilikuwa ya kuvutia kuliko yangu, lakini treni ilipopita hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa ilitoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine kwa kasi ile ile. Watu hawapandi mitambo ile kwa ajili ya rangi zake; wanaipanda kwa sababu kwanza inawasubirisha, kisha inawaachilia. Pigo lisilo na hali hizo mbili ni lori lililopakwa rangi.

Ninatumia Godot toleo la 4, ambayo ni injini (programu) ya kutengenezea michezo, na majina machache ya vifaa nitakayoyataja ni ya humo. Hesabu zenyewe hazibadiliki hata ukiwa na injini nyingine.

Hatua ya 1: Chagua mtambo kwa mwendo wake

Andika kwa sentensi moja jinsi mtambo unavyosubirisha na jinsi unavyoachilia. Mnara wa kuanguka hupanda polepole, ukasimama kileleni, kisha ukaporomoka. Hilo ni pigo la kushukia umati kutoka juu. Meli ya kubembea huenda na kurudi, kila mara juu zaidi, kwa hiyo inafaa pigo linalokua kadiri mchezaji anavyobonyeza kitufe kwa wakati wake. Vikombe vinavyozunguka hukusanya maadui na kuwatupa. Vigari vya kugongana havisubirishi kabisa, na ndiyo maana ninavipenda kama pigo dogo la bei nafuu ambalo mchezaji anaweza kulitumia mara nyingi bila kuchoka.

Gurudumu kubwa ndilo linalowadanganya wabunifu wengi. Lina sura ya kifalme, lakini lile la kwanza, alilolijenga George Ferris kwa maonyesho ya Chicago ya mwaka 1893, lilikuwa na kimo cha mita 80 hivi na vyumba 36, na raha yake yote ilikuwa kupanda taratibu na kutazama mbali. Ukilizungusha kwa kasi ili liue, limekoma kuwa gurudumu kubwa. Ningelifanya kuwa ngome: linasimama nyuma ya shujaa, linazunguka kwa utulivu, na kila chumba kinapofika chini kinarusha kombora moja au kinamrudishia shujaa uhai kidogo.

Hatua ya 2: Gawa muda

Kila pigo lina vipande vitatu: maandalizi, pigo lenyewe, na kurudi katika hali ya kawaida. Katika mchezo unaoonyesha fremu 60 kwa sekunde, pigo la kawaida la upanga hutumia fremu chache tu za maandalizi, wakati pigo la mtambo linaweza kutumia 60 au zaidi, mradi mchezaji awe na jambo la kufanya wakati wa kusubiri.

Tatizo ni kwamba mitambo halisi huenda polepole kuliko tunavyokumbuka. Mkono wa meli ya kubembea wenye urefu wa mita 10 huchukua takriban sekunde 6.3 kwenda na kurudi, yaani fremu karibu 380, na ukibembea kwa pembe kubwa muda huo unaongezeka. Suluhisho la haraka ambalo wengi hulitumia ni kukata zile nyakati za mwisho wa mbembeo, meli inapokaribia kusimama hewani, kwa madai kwamba hapo hakuna kinachotokea. Usifanye hivyo. Pale ndipo tumbo la mpandaji linapopanda, na pale ndipo kitufe kinapopaswa kubonyezwa. Harakisha mwendo wote kwa kiwango kimoja badala ya kukata. Ukitaka muda uwe nusu, zidisha nguvu ya mvutano mara 4. Mbembeo wa upande mmoja utachukua sekunde 1.6 na umbo la mwendo litabaki vilevile.

Kwa mnara, anguko la mita 20 huchukua sekunde 2 na kumfikisha mpandaji kwenye kasi inayozidi kidogo kilomita 70 kwa saa. Katika bustani, anayeketi hajui ataachiliwa lini. Katika mchezo, mchezaji ndiye mwendeshaji, hivyo mwachie yeye kitufe cha kuachilia, na uhamishie hofu ile kwa maadui walio chini: waonyeshe kivuli kinachozidi kukolea.

Hatua ya 3: Unda umbo

Tumia masanduku ya kijivu hadi mwendo ukamilike. Blender, programu ya kuundia maumbo ya 3D, inatosha kabisa.

Hatua ya 4: Reli na treni

Hatua hii ndiyo iliyokula saa zetu nyingi, na ndiyo ninayoulizwa zaidi, kwa hiyo nitaieleza bila haraka.

Chora reli kwa Path3D, kifaa cha kuchorea njia, kisha weka PathFollow3D moja, kifaa cha kufuata njia hiyo, kwa kila behewa. Usiihuishe treni kwa kuburuta sehemu ya njia iliyokwisha kupitwa kutoka 0 hadi 1 katika kihuishi, kwa sababu utapata kasi moja isiyobadilika, au kasi inayobadilika kwa mkunjo uliouchora kwa kukisia, na macho ya mtu yeyote aliyewahi kuona kitu kikiteremka yatatambua uongo huo. Kasi na itokane na kimo. Kanuni ni hii:

kasi = √(u² + 2g(H − h))

Hapa u ni kasi ya treni ilipoachiliwa kileleni, H ni kimo cha kilele hicho, h ni kimo cha behewa la katikati kwa sasa, na g ni nguvu ya mvutano uliyoichagua. Katika kila hatua ya hesabu ya fizikia, tafuta kasi, izidishe kwa muda wa hatua hiyo, kisha ongeza umbali unaopatikana kwenye thamani ya progress ya behewa. Thamani hiyo hupimwa kwa urefu wa njia, si kwa asilimia, na ndiyo sababu hesabu hii inakubali bila marekebisho. Kasi iwe moja kwa treni yote. Ukimpa kila behewa hesabu yake, mabehewa yatavutana na kusukumana hadi treni ikatike. Kwenye sehemu ya kupanda, achana na kanuni na uweke kasi ndogo isiyobadilika pamoja na mlio wa mnyororo, maana huko ndiko kusubiri kunakofanyika. Weka pia kasi ya chini kabisa, kwa kuwa mbunifu wa ngazi akiinua kilima kimoja kupita kilele cha mwanzo, kanuni itadai kipeuo cha pili cha namba hasi na treni itatoweka.

Sasa kitanzi. Ukichora duara kamili lenye nusu kipenyo cha mita 8, treni iliyoachiliwa kutoka katika hali ya kusimama inahitaji kuanzia kimo cha angalau mita 20 ili ipite juu ya kitanzi bila kuiacha reli. Itaingia chini kwa karibu mita 20 kwa sekunde na kufika juu kwa karibu mita 9. Kupungua huko ndiko uzuri wenyewe: treni inakuwa kama inasita, kisha inaporomoka. Lakini duara kamili lina kasoro iliyowaumiza watu wa kweli. Kwenye hesabu hiyo hiyo, mpandaji anayeingia kitanzi anasikia uzito wake mara 6, na rolakosta ya Flip Flap, iliyojengwa Coney Island mwaka 1895 kwa kitanzi cha duara, ilipata sifa mbaya ya kuumiza shingo za abiria. Kitanzi cha umbo la tone, chenye mkunjo mpana chini na mwembamba juu, ndicho kilichorudisha vitanzi katika bustani, kuanzia na ile rolakosta ya Revolution ya California ya mwaka 1976 iliyotokana na kazi ya Anton Schwarzkopf na Werner Stengel. Shujaa wako hana shingo ya kuumia, lakini mtazamaji huona tofauti: kwenye duara treni hugeuka ghafla inapoingia, na kwenye tone hupinda kwa ulaini. Chora tone.

Kisha linakuja suala la mwelekeo wa behewa. Njia inayokuja kichwani kwanza ni kuliamuru behewa litazame nukta iliyo mbele yake, huku juu ya dunia ikichukuliwa kuwa ndiyo juu ya behewa. Itafanya kazi vizuri kwenye reli ya tambarare, na itafanya kazi kwenye vilima, hata utaamini kwamba umemaliza. Treni inapofika mahali reli imesimama wima ndani ya kitanzi, mwelekeo wa mbele na mwelekeo wa juu vinakuwa kitu kimoja, hesabu inakosa pa kushika, na behewa linajipindua nusu mzunguko ndani ya fremu moja. Mwenzangu aliona tu mmweko; tulipoirudisha picha fremu baada ya fremu, tuliona abiria wamekaa wima juu ya kitanzi, vichwa vyao vikiwa vimezama ndani ya reli. Dawa si kuongeza masharti katika msimbo kwa kila pembe. Dawa ni kuiachia reli yenyewe ibebe mwelekeo wa juu kutoka nukta hadi nukta. Katika Godot, hakikisha up_vector_enabled imewashwa kwenye mkunjo, na uchague ORIENTED kuwa aina ya mzunguko wa PathFollow3D.

Bado kuna tahadhari tatu. Ya kwanza: reli inayopinda kwa pande zote na kurudi ilikoanzia haina lazima ya kurudi ikiwa na mwelekeo ule ule, unaweza kukuta treni imeinamia upande mmoja mwishoni mwa mzunguko. Gawa tofauti hiyo kwa kutumia tilt (pembe ya kulala kwa reli) ya kila nukta, kidogo kidogo, na usiirekebishe yote mwishoni. Ya pili: kwenye kona za kawaida, lalisha reli kuelekea ndani ya kona, bila hivyo treni inaonekana nyepesi hata ikiwa na kasi sahihi. Ya tatu inahusu kipigo chenyewe. Ukiharakisha mwendo mara mbili kama nilivyoeleza katika hatua ya 2, treni ile itafikia mita 40 kwa sekunde, na kwa hatua 60 za hesabu kila sekunde itaruka sentimita 67 kwa kila hatua. Pua ya treni yenye umbo la mgongano la unene wa sentimita 10 inaweza kumvuka adui wa unene wa sentimita 40 bila kumgusa. Usipime mahali treni ilipo tu. Pima nafasi yote kati ya ilipokuwa na ilipo, kwa ShapeCast3D, kifaa kinachosukuma umbo mbele na kuona linachogusa, au kwa sanduku linalonyooshwa kati ya sehemu hizo mbili. Weka orodha ya maadui waliokwisha kugongwa na pua, la sivyo kila behewa litamhesabia adui yule yule kipigo kipya.

Hatua ya 5: Uzito wa kipigo

Madhara yafuate kasi, si mraba wa kasi. Fizikia inasema nishati hufuata mraba, lakini kwa mfano wa kitanzi hapo juu, aliyegongwa chini angeumia mara 5 zaidi ya aliyegongwa juu, na mchezaji hawezi kuona sababu yake.

Wabunifu wengi husimamisha mchezo kwa fremu chache kipigo kinapotua ili kuongeza uzito. Kwa upanga ni jambo zuri. Kwa treni inayopitia maadui kumi, treni itakwamakwama na uzito wote utapotea. Msimamishe adui peke yake, treni iendelee.

Kwa vikombe, adui anayeachiliwa haruki moja kwa moja kutoka katikati kwenda nje. Anaruka kwa mstari unaogusa duara mahali alipoachiliwa. Kasi nazo hujumlishwa: ikiwa kitovu cha kikombe kiko mita 4 kutoka katikati ya sahani inayozunguka mara moja kwa sekunde 4, na ukingo wa kikombe uko mita 1 kutoka kitovu chake ukizunguka upande ule ule mara moja kwa sekunde 2 kwa kupimwa dhidi ya ardhi, ukingo wa nje unakwenda mita 9.4 kwa sekunde na wa ndani mita 3.1 tu. Mchezaji anayeachilia adui akiwa ukingo wa nje anastahili tuzo yake.

Hatua ya 6: Kamera

Kamera ikae nje ya mtambo, pembeni, karibu na ardhi. Kiti cha mbele kinavutia kwenye picha za matangazo, lakini kinamfichia mchezaji maadui wake na kuwatia wengine kichefuchefu. Ukikitumia, weka chaguo la kukizima. Kuhusu taa: mwongozo wa ufikivu wa WCAG unaweka kikomo cha mimweko 3 kwa sekunde moja, na farasi wa kuzunguka mwenye taa nyingi huvuka kikomo hicho kwa urahisi.

Hatua ya 7: Pigo liitwe lini

Mfano mkubwa uliopo ni Kingdom Hearts III ya mwaka 2019, ambayo shujaa wake huita rolakosta, meli ya maharamia, vikombe vya chai na farasi wa kuzunguka baada ya kumpiga adui mwenye alama maalumu. Ni kazi ya kupendeza, lakini baadhi ya wachezaji walilalamika kwamba mitambo ile hujitokeza mara nyingi mno, na ninakubaliana nao. Pigo refu linaloletwa na bahati humkatiza mchezaji katikati ya mpango wake. Ningelifungamanisha na kipimo ambacho mchezaji hukijaza kwa makusudi, na ningemruhusu kushuka wakati wowote kwa kitufe kimoja, huku nguvu iliyobaki ikirudi kwenye kipimo.

Kabla ya kupaka rangi, rekodi pigo likiwa bado masanduku ya kijivu, bila sauti, na umwonyeshe mtu asiyeujua mchezo wako. Akishindwa kutaja ni mtambo gani, rudi hatua ya 2.