Siagi ya korosho mbichi, kutoka gunia hadi chupa: ninavyofanya hapa Tanga

Wengi wanaoniuliza habari za siagi ya korosho huanza na mashine. Blenda gani? Ya wati ngapi? Huwa nawajibu kwamba blenda tutaifikia, kwanza nionyesheni korosho zenu. Kwa muda wote niliosaga jikoni kwangu Makorora, mashine haijawahi kunimwagisha mzigo. Maji ndiyo yaliyonimwagisha.

Tuliweke sawa pia hili neno "mbichi". Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi. Aliyewahi kubangua kwa mkono mtupu anavijua vidole vinavyogeuka vyeusi na kuchubuka. Ndiyo maana wabanguaji huzipika kwa mvuke au huzichoma kabla ya kuvunja ganda. Korosho nyeupe unayopimiwa sokoni imeshaonja moto. Tunaiita mbichi kwa kuwa haikukaangwa tena baada ya kubanguliwa. Kwa hiyo usiokote korosho chini ya mti ukaipasua kwa meno ukidhani ndiyo mbichi zaidi. Midomo itakuvimba.

Hatua ya 1: Kununua

Msimu wa pwani huanza karibu na Oktoba na kwenda hadi Januari. Nunua wakati huo, za nusu bei zilizovunjika vipandevipande, maana unakwenda kusaga, hupambi sahani. Usinunue kabla hujaonja. Juzi soko la Mgandini nilimkuta mama mmoja na beseni lake limejaa.

"Shikamoo mama. Hizi za lini?"

"Marahaba mwanangu. Za msimu huu huu."

Nikachukua moja nikaivunja kwa meno ya mbele. Korosho kavu inakatika kwa mlio, na ndani ni nyeupe ya maziwa. Ile ilijikunja kama ubani wa kutafuna. Nikamwambia mama zinahitaji jua, naye hakukataa: "Mvua imetushika njiani, mwanangu." Akanipunguzia, nikachukua kilo mbili, nikijua kazi inayonisubiri.

Ukitaka za kilimo hai, muulize muuzaji zimetoka shamba gani na zilipuliziwa nini. Salfa ya unga inayopigwa kuzuia ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, haiwatishi watu wa kilimo hai, ni madini. Dawa nyingine za viwandani ndizo za kuulizia. Bidhaa iliyokaguliwa hubeba alama ya Kilimohai, inayotumika Afrika Mashariki tangu 2007. Beseni la sokoni halitakuwa nayo, basi hapo unabaki na uaminifu wa mtu unayemfahamu.

Hatua ya 2: Kuchambua

Zimwage kwenye ungo mahali penye mwanga. Toa zilizotobolewa na wadudu, zilizosinyaa, zenye madoa meusi au ya kijani, na zenye harufu ya mafuta ya zamani. Hapa usione uchungu wa hela. Kuvu wanaoota kwenye njugu na nafaka zenye unyevu huacha sumukuvu, na sumukuvu haina ladha wala haifi kwa kukaanga. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Karanga ndizo zinazoshikwa zaidi kuliko korosho, lakini mimi huchambua zote kwa jicho lilelile. Ulizozitoa usiwape kuku, maana nao zinawadhuru. Zifukie.

Na karanga, kwa kuwa nitaulizwa: sizisagi mbichi. Karanga ni jamii ya kunde, na ikisagwa mbichi inabaki na ladha ya maharage yasiyoiva. Huzikaanga kwa moto mdogo hadi ngozi itoke kwa kusugua, na sioni dhambi yoyote katika hilo.

Hatua ya 3: Kukausha

Wapo wanaoloweka korosho usiku kucha ili zimeng'enywe vizuri. Nilikuwa mmoja wao. Katikati ya masika niliwahi kuloweka kilo tatu, nikazianika siku mbili chini ya wingu, nikazishika, juu kavu kabisa. Sikuvunja hata moja. Nikasaga, nikajaza chupa, nikauza. Wiki haijaisha, jirani akagonga mlango na chupa yake mkononi. "Baba, hii siagi yako imeota ndevu." Kweli, ukungu mweupe ulikuwa umesimama juu kama pamba. Nilizunguka mtaa mzima kukusanya chupa na kurudisha pesa. Tangu siku hiyo siloweki korosho ya kusaga. Anayetaka kuloweka aloweke za kupikia mchuzi, siku hiyohiyo.

Hata usipoloweka, hewa ya Tanga peke yake inatosha kuzilainisha, kwa hiyo kuzianika ni lazima. Zitandaze tabaka moja kwenye trei ya wavu, funika kwa kipande cha chandarua safi, weka mahali penye upepo. Anza saa nne asubuhi, toa saa kumi kabla hewa haijapoa. Jua kali la kutwa nzima silipendi, linachachua mafuta. Wakati wa kaskazi siku moja inatosha. Wakati wa masika heri uahirishe kazi.

Kipimo changu ni hiki: tia konzi moja kwenye chupa ya kioo iliyo kavu, funga kifuniko, iache juani nusu saa. Ukiona ukungu wa maji umeshika kioo kwa ndani, rudisha trei nje.

Hatua ya 4: Kusaga

Sasa blenda. Nusu kilo inatosha kwa mara moja, na usijaze jagi kupita nusu. Saga dakika moja, zima, pumzisha dakika tano. Korosho mbichi ni mbishi kuliko iliyokaangwa, kwa kuwa joto ndilo linaloharakisha mafuta kutoka.

Kwanza utapata unga. Kisha unga utagandamana kwenye kuta za jagi na kisu kitazunguka hewani. Hapo ndipo wengi hukata tamaa wakaongeza maji. Usithubutu! Tone la maji linaifanya siagi ikazane kama udongo wa mfinyanzi, na ukungu unaukaribisha mwenyewe. Kwangua kwa mwiko wa mpira, endelea. Baada ya raundi nne au tano utaona madonge yanang'aa, halafu ghafla yote yanalegea na kuanza kuzunguka taratibu kama uji mzito. Ikigoma kabisa, ongeza kijiko kimoja cha mafuta ya nazi. Mafuta hayo huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo Tanga mjini siagi itabaki laini, lakini mteja wako wa Lushoto atalalamika kuwa imekuwa jiwe. Mwambie aiweke karibu na jiko.

Ukigusa jagi ukashindwa kuacha kiganja, umeshaipasha, na moshi wa mota haupo mbali. Mashine ya sokoni ina nguvu zaidi, ila asubuhi hiyo ilisaga pilipili. Nimeshakula siagi ya namna hiyo. Si mbaya kwa mihogo.

Chumvi, ukitaka, iwe kavu na kidogo. Sukari siweki.

Hatua ya 5: Chupa

Chemsha chupa dakika kumi, zikauke kabisa. Jaza, gongagonga chini hewa itoke, andika tarehe. Kabatini naipa wiki tatu, kwenye friji miezi miwili. Mafuta yakipanda juu, koroga tu. Kijiko chenye maji kisiingie humo.

Kuila

Kijiko kimoja cha chakula kina kalori karibu 95, basi anayejipakulia vijiko sita asishangae nguo zikimbana. Mafuta yake mengi ni ya aina isiyoganda, na mwili unanufaika ukiyala badala ya samli, si juu ya samli. Mimi huitia kwenye uji wa dona, au naipaka kwenye kiazi kitamu cha kuchemsha na ndizi mbivu. Dona, si sembe. Haina maana kuhangaika na korosho nzima halafu ukala mahindi yaliyovuliwa kiini na pumba. Mtoto aliyeanza kula apewe kidogo, imechanganywa kwenye uji, na umtazame kama atavimba au kutokwa vipele. Akivimba uso au akihema kwa shida, hospitali mara moja. Korosho nzima usimpe mtoto wa chini ya miaka mitano, zinakaba.

Blenda usiioshe bado. Siagi iliyonasa chini ya kisu haifikiwi na mwiko wowote. Mimina kikombe cha uji vuguvugu, zungusha sekunde kumi, kunywa. Ndiyo chai yangu kila siku ninaposaga.