SOMO: Kunde, mafuta ya mwarobaini na lile swali la protini

Jamani naandika hapa mara moja maana inboksi nimechoka, kila wiki "huo mwarobaini tunaopaka kunde zisiliwe na wadudu, hauui protini yake?" Hauui. Protini, ambayo ni kama robo ya uzito wa kunde kavu, imo ndani ya punje, mafuta yanabaki zaidi kwenye ganda. Anayeila ni fukusi, yule mdudu anayetoboa kunde, na anakuachia uchafu wake humohumo.

1. Anika kunde zikauke kabisa.

2. Pepeta, toa zilizotobolewa.

3. Okota mbegu za mwarobaini, osha nyama ya tunda, anika KIVULINI penye hewa. Hapa niliharibu. Mara ya kwanza nilizianika juu ya bati, jua kali, sikujua jua linaivunja azadiraktini, ile sumu yenyewe ya mwarobaini, halafu nyingine nikazifunga kwenye nailoni zikiwa na unyevu zikaota ukungu, nikatwanga hivyohivyo nikapaka gunia zima. Nikalimwaga lote. Ukungu unaweza kuleta sumukuvu, na sumukuvu haitoki kwa kuchemsha! Mbegu ikiwa na ukungu tupa, usionje, usimpe kuku.

4. Menya, twanga kiini mpaka kinate, tia maji ya moto kidogo, kanda, kamua mafuta.

5. Kijiko kimoja cha chai (mililita 5) kwa kilo. Changanya kila punje ing'ae.

6. Funga kwenye dumu kavu. Mafuta weka mbali na watoto, mtoto mdogo akiyameza ni hatari.

MASWALI

Baba Juma: Mkuu kipimo ni ngapi?
— Namba 5. Soma.

Kijana wa Manyoni: Zangu zishatobolewa, nipake tu?
— Umechelewa. Fukusi anataga juu ya ganda, mafuta yanaziba yai lisipumue. Funza aliyeshaingia ndani hayamfikii. Ndo maana nasema paka mapema, zikishakauka tu.

Mama Neema: Mimi natumia unga wa majani, nasikia yana tanini na tanini inashika protini. Si tunapoteza?
— Dada umeuliza vizuri sana. Inashika kweli, chai ya rangi kali inavyokaza ulimi ni tanini inashika protini za mate. Ila inataka maji, kwenye punje kavu unga umekaa juu tu. Shida ni ukizipika kunde nao, kwa hiyo osha mara tatu ukimwaga maji. Na kunde nyekundu zina tanini zake kwenye ganda, loweka usiku, maji yale mwaga.

Baba Juma: Na utupa je?
— Utupa ndio wanaovulia samaki, una rotenoni, ni sumu. Kwenye chakula mimi siweki.

Shangazi: Maharage nayo hivyohivyo?
— Kupaka ndiyo, ila kupika angalia. Maharage yana lektini, protini yake ya kujilinda inayomdhuru mlaji, kuivunja inataka maji yanayotokota si chini ya dakika 10, moto wa kuvizia hauivunji.

Mzee Kondo: Kupima ukavu wa kunde, tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, iache robo saa. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha juani.
— Shikamoo mzee, hiyo naiongeza namba 1.