Kumbukumbu Haina Tarehe: Jinsi ya Kuandika Hadithi ya Kisumu ya Zamani

Mwandishi aliyekulia Kisumu anapoketi kuandika riwaya ya enzi za wazazi wake, huwa na kumbukumbu kali za harufu, sauti na mienendo ya watu, ila kumbukumbu hizo hazina tarehe. Ndiyo sababu tunasoma hadithi za mwaka 1965 ambamo gugumaji, mmea unaoelea majini, limefunika ghuba na familia inakula mbuta, yaani sangara, kila jioni, ingawa yote mawili yalienea miaka mingi baadaye. Hatua zifuatazo ndizo ninazozifuata ili kumbukumbu isinipotoshe, bila kuinyima nafasi yake.

Hatua ya 1: Andika unachokumbuka kabla ya kutafiti

Chagua jambo dogo ulilolishuhudia kwa karibu. Mimi humtumia shangazi yangu aliyeuza omena, yaani dagaa wa ziwani, katika soko la Kibuye mjini Kisumu. Alipopima, alizungushia viganja mdomo wa gorogoro, mkebe wa kupimia, ili rundo lipande juu ya ukingo. Kwa mteja aliyemsalimu vizuri aliviacha hapo hadi rundo likasimama, na kwa aliyekuja akibishania bei aliviondoa mapema, omena zikaporomoka na kurudi guniani. Jambo kama hilo hulipati katika maktaba yoyote, na ukianza na utafiti huenda usilikumbuke kabisa.

Hatua ya 2: Kiulize kila kitu kilianza lini

Pitia ulichoandika na upigie mstari kila chakula, mmea, chombo, sarafu na jengo. Mbuta alipandikizwa katika Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950, lakini hakutawala nyavu za wavuvi wa upande wa Kenya hadi kuelekea miaka ya 1980. Mhusika wako wa mwaka 1965 ampikie mgeni ngege, samaki wa asili wa ziwa hilo. Gugumaji lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, likaja kuziba fuo katika muongo uliofuata. Shilingi ya Kenya nayo ilianza kutolewa mwaka 1966, kwa hiyo mzee anayelipa deni mwaka 1964 anahesabu pesa za Afrika Mashariki. Kwa maoni yangu, hapa ndipo hadithi nyingi za kwetu huvuja, kwa kuwa mwandishi hatilii shaka kitu alichokiona kwa macho yake.

Hatua ya 3: Tafuta vyanzo vinavyopingana

Katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi zimo ripoti za kila mwaka za maofisa wa wilaya wa enzi ya ukoloni. Zina manufaa kwa mvua, njaa na kodi, ila zisome ukijua kwamba mwandishi wake alikuwa mtoza kodi. Kisha zungumza na wazee. Usiwaulize mwaka, uliza kama mtoto wao wa kwanza alikuwa amezaliwa, au kama uhuru ulikuwa umepatikana, halafu utafute mwaka mwenyewe.

Hatua ya 4: Mpe mhusika kazi ya kufanya na ukweli uliopata

Kati ya mwaka 1961 na 1964, baada ya mvua kubwa, maji ya ziwa yalipanda kwa zaidi ya mita 2. Ukiliandika hivyo katikati ya riwaya, msomaji ataona umemwekea ukurasa wa kitabu cha jiografia. Linganisha na hili:

«Asubuhi hiyo Baba aliufunga mtumbwi kwenye mwimo wa lango la zizi, akaingia ndani bila kusema neno.»

Tarakimu haimo, lakini ziwa limefika nyumbani na tunajua ng'ombe hawapo tena zizini. Sehemu kubwa ya utafiti wako itabaki daftarini, na hiyo si hasara, kwani ndiyo inayokupa ujasiri wa kuandika sentensi fupi.

Hatua ya 5: Wafiche watu halisi

Kubadilisha jina hakutoshi. Badilisha kazi, mtaa na idadi ya watoto, kisha uunganishe tabia za watu wawili au watatu.

Hatua ya 6: Msomee mtu aliyeishi wakati huo

Msomee kwa sauti, wala usimuulize kama hadithi ni nzuri, maana atakujibu kwa adabu kwamba ni nzuri sana. Mwombe akukatize mahali popote anaposikia kitu ambacho hakikuwepo. Anapokukatiza, acha kusoma na uwe tayari na kalamu, kwa sababu baada ya kusema «hapana, hatukuwa na hicho», kwa kawaida ataendelea kukueleza walichokuwa nacho.