Jinsi ya kujitungia maneno ya utani ya Kiingereza (na watu wakacheka)

Haya maneno ya Kiingereza yanayozuka kila siku mtandaoni wala hayana maajabu, ukishajua yanakatwa wapi hata wewe unatunga la kwako leo leo.

Anza na kuunganisha mawili. Neno la kwanza bakisha sauti za mwanzo tu kabla ya irabu, la pili liache kuanzia irabu yake mpaka mwisho. "Smoke" ni moshi, "fog" ni ukungu, ukiunga unapata "smog", neno lililovuma London 1905 enzi za moshi wa makaa ya mawe. "Breakfast" na "lunch" ndo ikaja "brunch", chakula cha walioamka saa tano. Sisi tuna chamcha na chajio, ila sisi tunakata silabi nzima nzima, wenzetu wanapasua silabi katikati.

Sasa yanayochekesha kweli ni yale yaliyokuwa yanafanana tangu zamani. Cheki "hangry", njaa iliyogeuka hasira: "hungry" na "angry" mkia wao ni mmoja, unabadilisha herufi moja tu na sikio linayapata yote mawili kwa mpigo, na Oxford wakaliingiza kwenye kamusi yao 2018. Kwa hiyo tafuta kwa mdomo, sio kwa kuandika, manake tahajia ya Kiingereza itakupoteza. Ukichukua "tired" na "hungry" ukatoa "tungry" hakuna atakayesikia uchovu humo ndani, tupa.

Njia ya pili ni kunyofoa kipande. "Rizz", ule mvuto wa kutongozea, lilikuwa neno la mwaka la Oxford 2023 na limechomolewa katikati ya "charisma", kama "flu" ilivyochomolewa kwenye "influenza".

Ninayoipenda mimi ni ya kupachika "gate". Watergate lilikuwa jengo tu pale Washington, watu wakavamia ofisi za chama cha Democratic mule 1972, kashfa ikamng'oa Rais Nixon wa Marekani 1974, na toka hapo kila aibu inabandikwa huo mkia, simu za iPhone 6 zilipoanza kupinda mifukoni 2014 ikaitwa "Bendgate". Kashfa ikiwa ndogo ndo utani unanoga, bosi akikutwa anamalizia maandazi ya wageni andika "Mandazigate" kwenye grupu na usiongeze kitu.

Kuna na ile ya vina ya mashariki ya London ("rhyming slang"), badala ya neno wanataja maneno yenye kina kimoja nalo, halafu wanayafupisha; hii ielewe tu usijifanye mwenyeji. "Lies" ni uongo, ina kina na "pork pies" (pai za nyama ya nguruwe), basi wanafupisha wanasema "porkies". Ukiambiwa "use your loaf" hapo hujapewa mkate, "loaf of bread" ina kina na "head", wamekata "bread", wanakuambia tumia kichwa.